Mkonga wa Sista

Sylvanus alikuwa amesema uongo mmoja tu mkubwa katika maisha yake, na uongo huo ulikuwa umeegeshwa uani kwake, Kibosho, chini ya mparachichi, kila mpita njia anauona.

Lilikuwa gari la mkewe. Hilo liwekwe wazi mapema, maana Mektrida mwenyewe hakukosa kuliweka wazi kila alipopata nafasi. Ilikuwa Landkruza nyeupe ya siku nyingi. Kwa miaka kumi na tisa Mektrida aliwaendesha masista wa zahanati ndani yake, na alipostaafu wakamuuzia. Kijiji kizima kililiita gari lile Sista, na mtu akiuliza asubuhi, "Sista kapita?" alikuwa anataka kujua kama maziwa yameshachukuliwa. Saa kumi na mbili Mektrida alikuwa barabarani, akipita nyumba hadi nyumba kuchukua madumu ya akina mama wa kikundi cha maziwa, kisha akateremka korongoni, akavuka mto kwenye drifti, ile sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake kwa kuwa daraja la magari halijajengwa, akapanda ng'ambo hadi kwenye tangi la kupozea maziwa karibu na lami.

Na aliimba. Mektrida alikuwa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na akishika usukani alijisahau akadhani wenzake wote wamo garini. Sylvanus, akiwa bandani anakamua, hakuhitaji saa. Wimbo ukisikika upande wa shule, mkewe yuko kwa Gladness. Ukisikika kwa mbali chini, anateremka korongoni. Hapo sauti ilipotea kabisa, kwa sababu ya kingo za mto, na Sylvanus aliacha kukamua. Ng'ombe aligeuka kumtazama. Sauti ilipotokeza tena ng'ambo, Sylvanus alivuta pumzi na kuendelea na kazi. Hakumwambia mtu jambo hilo, hata ng'ombe alimdanganya kwamba anapumzisha vidole.

Mambo yaliharibika Aprili ya mwaka uliopita. Siku hiyo Kibosho kulikuwa na jua, lakini msituni juu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maji ya msituni huja bila kupiga hodi. Mektrida alikuwa katikati ya drifti yalipomfikia. Sista akavuta maji puani, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Maji yakapanda hadi kwenye kiti. Mektrida akatokea dirishani na viatu vyake vya mvua, akakaa juu ya bonneti kama yuko kwenye benchi la kanisani, mpaka vijana walipomrushia kamba. Sylvanus alifika mbio, akasimama ukingoni. Hakujua kuogelea. Hakuweza kufanya chochote isipokuwa kupiga kelele, na hata kelele zenyewe zilimezwa na mto.

Baada ya siku mbili Mektrida alikuwa anasimulia kisa hicho kwenye sherehe ya kipaimara, huku ameshika kata ya mbege, pombe ya ndizi, watu wakishika mbavu kwa kucheka. Sylvanus naye alicheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, halafu masika yote hakupata usingizi wa maana.

Fabian, fundi wao wa gereji moja pale Moshi mjini, alipokwisha kuifufua injini alieleza kilichotokea. Injini ilikuwa inavuta hewa kutoka chini ya bonneti, na maji yalipofika pale, ikayavuta pia. Dawa yake ni mkonga, lile bomba jeusi linalotoka ubavuni mwa gari, likapanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, gari likawa linapumulia juu.

"Tunatoboa fenda hapa," Fabian alisema, akichora duara kwa kidole. "Tundu moja tu, mama."

"Kwenye gari la nani?" Mektrida aliuliza.

"Lako, mama."

"Basi Sista hatobolewi. Gari hili halijawahi kukwaruzwa hata na kuku."

Sylvanus alijaribu nyumbani, kwa upole. Alizungumzia injini. Alizungumzia bei ya injini, ugumu wa kupata pistoni, na jinsi injini iliyokunywa maji isivyorudi kuwa ileile. Mektrida alisikiliza yote akimenya ndizi za mtori, kisha akasema hatobolewi.

Mwishoni mwa Novemba Mektrida alikwenda Mwika siku tatu kwenye harusi ya mpwa wake, Eunike, na njiani akaliacha gari kwa Fabian kufanyiwa sevisi. Kesho yake Sylvanus akateremka Moshi, mfukoni ana fedha za asali. Mzee huyu alikuwa na mizinga kumi na miwili nyuma ya kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, na fedha za nyuki hazikuulizwa na mtu.

"Weka ule mkonga," alisema.

"Mama ameridhia?" Fabian aliuliza.

"Ameridhia."

Ndio huo uongo. Neno moja tu. Fabian alibandika karatasi ya kipimo kwenye fenda, akachukua drili, na Sylvanus akaenda kutazama pikipiki za watu nje mpaka mlio ulipokwisha.

Mektrida aliporudi na kulipitia gari gereji hakupiga kelele. Alilizunguka gari mara mbili. Aligusa mahali bomba linapoingilia kwenye bati, akafuatisha ukingo wake kwa kidole taratibu. Akaliendesha hadi nyumbani, akaliegesha chini ya mparachichi, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye rozari yake, akaivaa shingoni.

"Aliyemtoboa," alisema, "na amwendeshe."

Naye Sylvanus hakujua kuendesha hata toroli kwa unyoofu.

Basi Sista akakaa. Krismasi ikaja, watoto wakapanda kutoka Dar es Salaam, Hilda binti yao akamsifia baba yake mkonga, akatazamwa na mama yake, akanyamaza. Januari ikapita, Februari ikapita. Maziwa yalisafirishwa kwa bodaboda ya Lucky, madumu mawili mawili, mawili mawili, mpaka jua linawaka. Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Mektrida alipika, alimwita Baba Hilda kama kawaida, alizungumza habari za ndama na bei ya kahawa. Ila hakuimba. Asubuhi ilikuwa kimya kuanzia shuleni hadi korongoni, na Sylvanus, ambaye alidhani ameununua usingizi wake kwa lile tundu, aligundua kwamba ukimya huu ni mbaya kuliko ule wa zamani, kwa sababu haukuwa na mwisho ng'ambo.

Mtu atauliza kwa nini hakuchuma isale. Uchagani kila mtu anajua. Ukimkosea mwenzio, unachuma jani la isale, unampelekea kwa mikono miwili, unataja kosa lako, naye hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Na ukingo wa kihamba cha Sylvanus ulikuwa umejaa masale tangu enzi za babu yake. Lakini isale halibebwi na mtu anayejiona ana haki, na Sylvanus, kila alipolitazama lile bomba, alijiona ana haki tele. Akasubiri mkewe aelewe. Mkewe naye akasubiri. Wachaga wawili wakisubiriana, mvua inaweza kunyesha misimu mitatu.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo Sylvanus hakulitaja kwa mtu. Katikati ya Januari, akipita chini ya mparachichi, aliona vidudu vyeusi vidogo kama punje za ulezi vikiingia na kutoka kwenye mdomo wa mkonga. Akasogea. Moyo ulimruka kwa furaha. Nyuki wadogo, wale wasiouma, wenye asali chachu inayotafutwa na kila mwenye kikohozi kuanzia Kibosho hadi Himo! Miaka mingapi alikuwa amewatega kwa vibuyu na magogo matupu wasije? Na sasa wamekuja wenyewe, wamejenga kijibomba cha nta mlangoni kabisa. Nyuki waliohamia kwako kwa hiari yao hawafukuzwi. Baba yake alimfundisha hivyo, na babu yake alimfundisha baba yake. Basi akawa anakuja kila jioni kuwatazama, akitabasamu peke yake. Kwamba gari lile siku moja litahitaji kuvuta pumzi kwa bomba hilohilo, hilo alikuwa analiahirisha.

Wiki ya pili ya Machi, Gladness, mwenyekiti wa kikundi, alikuja asubuhi na tope hadi magotini.

"Lucky ameanguka pale kwenye kona," alisema bila hata kukaa. "Mwenyewe mzima, lakini maziwa yote barabarani, mbwa wamefanya Pasaka kabla ya sisi. Mektrida, dada yangu, mvua ndiyo kwanza inaanza. Tumekaa jana. Sista asipotoka Jumatatu, kuna mtu wa Himo ana pikapu, tutampa kazi."

Mektrida alikuwa anasuuza dumu. Hakuinua kichwa.

"Mpeni," alisema.

Sylvanus alisikia akiwa bandani. Zaidi ya neno lenyewe, alisikia sauti iliyolibeba. Ilikuwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu anachokipenda huku akijifanya kwamba ni kizito tu na amechoka kukibeba. Miaka kumi na tisa ya masista, miaka saba ya maziwa, zile nyimbo zote, zinakwenda kwa mtu wa Himo kwa sababu ya neno moja alilosema gereji. Haki yake yote ikamwishia hapohapo, akabaki na ndoo mkononi.

Akaenda ukingoni mwa kihamba. Akachuma isale, refu na la kijani kibichi. Gladness alipomwona anakuja nalo, ameshika kwa mikono miwili, alikaa chini bila kualikwa. Asingeondoka pale hata kwa kufukuzwa.

"Mama Hilda," Sylvanus alisema, "nimekuja kutaja kosa langu. Nilimwambia Fabian umeridhia. Hukuridhia. Gari ni lako, na nililitoboa ukiwa harusini."

Mektrida alilitazama jani. Hakulipokea bado.

"Kwa ajili ya injini," alisema.

"Hapana." Sylvanus alisogea hatua moja. "Hapo nilikudanganya pia. Injini naijulia wapi mimi? Siku ile ulikaa juu ya bonneti, na mimi nilikuwa ukingoni, na siwezi kuogelea. Nilikuogopea wewe. Naogopa kila asubuhi. Ukiingia korongoni wimbo unakatika, na mimi naacha kukamua mpaka utokee ng'ambo. Muulize yule ng'ombe."

Kuku mmoja alipita katikati yao akaenda zake. Gladness alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mbona hukusema?" Mektrida aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wote mlikuwa mnacheka."

"Mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeogopa hadi nikajikojolea, Baba Hilda. Bahati yangu nilikuwa mtoni, hakuna aliyejua." Akakaa juu ya dumu. "Na nikuambie kwa nini sikutaka huo mkonga. Si bati tu. Siku ile niliyaona maji yanakuja. Niliyaona kabisa, nikajisemea, nitawahi. Na hapo sikuwa na mkonga. Nikiwa nao je, nitasimama wapi? Najijua mimi. Mkonga unavusha injini. Maji yakilisukuma gari zima, mkonga utakuwa unapumua vizuri huku mimi nabebwa na mto hadi Moshi."

Wakatazamana. Miezi mitatu walikuwa wamenuniana kwa hofu ileile moja, kila mmoja amekaa upande wake wa hofu hiyo. Mektrida akapokea isale kwa mikono miwili.

"Aika," alisema, ile asante ya Kichaga. Kisha akaivua rozari, akaanza kufungua fundo la ufunguo kwa meno, na uso wake ukawa ule wa zamani. "Gladness, kamwambie mtu wa Himo abaki na pikapu yake. Nampasha Sista moto sasa hivi."

Alikwenda kwa hatua za msichana. Akafungua mlango, akaruka kwenye kiti, akachomeka ufunguo, taa ndogo ya njano ikawaka. Akafungua mdomo kuanza wimbo.

"Usiwashe!" Sylvanus alisimama mbele ya gari, mikono ameitanua.

"Kuna nini tena?"

Sylvanus alitazama juu, kwenye mdomo wa mkonga. Akanyanyua kidole kimoja kuomba subira, akageuka, akaondoka kwa haraka kuelekea ukingoni mwa kihamba. Wale wanawake wawili walimwona anainama. Wakamwona anachuma isale la pili.

"Yesu na Maria," Gladness alisema. "Huyu ametoboa wapi tena?"

Alirudi nalo kwa mikono miwili, anahema, akasimama kwenye dirisha la dereva.

"Mama Hilda, kuna nyuki kwenye mkonga. Wale wadogo. Tangu Januari. Nilijua, nikanyamaza. Ni wazuri sana."

Mektrida alitoa kichwa dirishani, akatazama juu. Vidudu vilikuwa vinaingia na kutoka, vinashughulika na mambo yao, havina habari na ugomvi wa mtu. Akamtazama mumewe, na majani mawili ya isale, moja kwenye dashibodi na jingine mikononi mwa mzee mwenye mvi na tope la zizini. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi paji la uso likagonga usukani na honi ikalia, ng'ombe wakajibu, Gladness akaegemea mparachichi akishika ubavu. Sylvanus naye akacheka, na safari hii hakuwa anajilazimisha.

"Lilete hilo jani," Mektrida alisema alipoweza kusema. "Lilete kabla hujaenda kuchuma la tatu."

Jioni, nyuki walipokuwa wameingia wote, Fabian alipanda kutoka Moshi na vifaa vyake. Alipoambiwa kisa chote alimwamkia Mektrida shikamoo mara mbili, ya pili kwa woga. Waliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa chepesi, Fabian akafungua skrubu moja moja, na Sylvanus akalibeba lile bomba mikononi kama mtoto wa ubatizo, akalining'iniza chini ya paa la banda. Kesho yake kitambaa kikatolewa, nyuki wakazunguka, wakapaona, wakaendelea na ujenzi. Mpaka leo wapo hapo, na ni mzinga pekee Kilimanjaro nzima uliotengenezwa kwa ajili ya Landkruza.

Likabaki tundu kwenye fenda.

"Naweza kulichomea bati, mama," Fabian alisema, anatazama chini. "Nitapiga rangi, hutaliona. Au natafuta mkonga mwingine. Amua wewe."

Sylvanus alikuwa karibu, anakata majani ya ng'ombe. Mtu aliyemjua angeona jinsi panga lilivyokuwa linakata hewa.

Mektrida aliingiza mkono kwenye lile tundu, akautoa, akafikiri.

"Weka mwingine," alisema. "Na uwe na wavu mdomoni. Lakini mpaka wa maji nauweka mimi."

"Hata usipovuka maji, mama," Fabian alisema, amefurahi, "kwa vumbi la Julai peke yake utaushukuru huo mkonga."

Jumamosi hiyo Mektrida aliteremka korongoni na jembe na mche wa isale kutoka ukingoni mwa kihamba chao. Akaupanda kando ya drifti, mahali ambapo maji yakifika, tairi la Sista limezama nusu. Hakuhitaji kumweleza mtu, maana Uchagani isale ni alama ya mpaka pia. Hakuna Mchaga atakayeng'oa isale, wala atakayejifanya halijui. Jumatatu alipita nyumba hadi nyumba, na kijiji kizima kilimsikia.

Aprili ikaja na mvua yake. Siku ya kwanza ya mvua kubwa Sylvanus alimwachia Lucky kazi ya kukamua, akasema anakwenda kukata majani upande wa mto, ingawa majani yalikuwa yamejaa bandani. Akavuka kwa daraja la magogo la wapita kwa miguu, akasimama ng'ambo chini ya mwavuli. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Isale lilikuwa limezama hadi shingoni, majani yake ya juu tu yakitikisika na mkondo.

Akamsikia kabla hajamwona. Wimbo ulishuka korongoni, ukawa karibu, na Sista akatokeza kwenye kona, mkonga mpya umesimama wima, madumu yamepangwa nyuma. Gari likafika ukingoni. Likasimama. Injini ikanguruma mara moja, juu kidogo, na Sylvanus akaacha kupumua.

Aliona uso wa mkewe nyuma ya kioo na vipangusio vikipita kushoto na kulia. Aliona anayatazama maji, halafu anautazama mkonga, halafu isale. Mwisho akamtazama yeye, ng'ambo, na mwavuli wake na panga ambalo halikuwa limekata jani hata moja.

Injini ikazimika. Kwa mkono wake, kwa ufunguo. Na wimbo haukukatika. Mektrida alishuka kwenye mvua huku anaimba, akafungua mlango wa nyuma, akashika dumu la kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Sylvanus aliusikia wimbo huo korongoni, mwanzo hadi mwisho.

"Baba Hilda!" Mektrida aliita kupitia mvua. "Umesimama hapo kama nguzo ya umeme! Mpigie mtu wa tangi aje na gari lake huko ng'ambo, halafu njoo ubebe maziwa."

Sylvanus akafunga mwavuli, akavuka magogo kwa mbio, analowa, anacheka, akachukua madumu mawili makubwa kuliko yote.